Mama Mikebe wa Laini ya Pareto

Juzi nimewapa funguo za stoo, vijana wangu wa jikoni, na nyinyi mkanipa blanketi na soda, mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi mpate kusoma mkiwa mnangoja maharagwe yaive. Haya, naandika. Lakini mjue mapema kwamba shule niliyosoma mimi ilikuwa ya kuandika jina na kuhesabu ng'ombe. Hayo mengine nimeyaokota njiani, na mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Mambo ya vyeo na mshahara siandiki. Anayetaka kujua nililipwa vizuri au vibaya aangalie viatu vyangu.

Nitaandika juu ya mkebe wa chakula cha shule. Nina sababu. Wiki yangu ya mwisho kazini nilimsikia mmoja wenu, simtaji, yeye mwenyewe anajijua, akimwambia mama mmoja pale getini: "Mama, kama huna pesa mfungie mtoto chochote tu. Akisikia njaa atakula."

Hapana. Mtoto akisikia aibu hali, hata njaa imkamate namna gani. Na chakula cha kupendeza hakitaki pesa nyingi, kinataka mtu mbishi. Mimi nimekuwa mbishi tangu miaka ya hamsini na sijaacha, na kama mnadhani kustaafu kutanifanya nikubali maneno ya pale getini, mmekosea mtu.

Nilitoka Maragoli nikiwa kijana wa ndevu tatu, nikaja huku juu upande wa Molo, sio mbali na Sachangwan, kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja. Baridi ya huko, wacha. Asubuhi ukungu unakaa mpaka unadhani umesahau kufungua macho. Nilichukuliwa jikoni kwa sababu moja tu: nilikuwa mwembamba, na mpishi mkubwa, Mzee Daudi, alitaka mtu anayeweza kupita kati ya jiko na ukuta bila kuungua.

Siku ya kwanza Mzee Daudi alinipa kisu na mkate. Watoto wa memsahib, mke wa yule mzungu, walikuwa wanarudi shule yao ya bweni kwa treni, na wanafungiwa kikapu cha njiani. "Kata ganda," akasema. Nikakata ganda la mkate pande zote, kipande baada ya kipande, likarundikana pale mezani, kahawia, zuri, bado lina joto. Nikatia moja mdomoni. Mwiko wa Mzee Daudi ukanipata kwenye vidole.

"Hiyo ya mbwa," akasema.

"Mbwa anakula ganda na mtoto anakula katikati?"

"Wewe umekuja kupika au umekuja kuuliza?"

Nilikuja kupika, lakini kuuliza sikuacha. Yule mzee alinifundisha mengi, na ninayowafundisha nyinyi mengi ni yake. Kwanza, usifunge chakula kikiwa na moto. Mvuke ni maji, na ukiufungia ndani ya mkebe umefungia ugonjwa, saa sita maharagwe yamechacha na mtoto anaendesha. Pili, mkate uliokatwa ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo mpaka wakati wa kufunga. Tatu, chombo kisibaki na nafasi, kwa sababu chakula kinacheza njiani, na kikicheza kinafika kama kimeshatafunwa na mtu mwingine. Penye nafasi weka jani. Mzee Daudi alikuwa akipanga kile kikapu cha watoto wa memsahib kama mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe. Alikuwa na watoto wake kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, na hao sijui walikula nini mchana. Sikuwahi kumuuliza, maana hilo lingekuwa swali la kumpiga mtu usoni.

Basi nikaanza kubeba lile ganda. Nililifunga kwenye kitambaa nikawapelekea watoto wa laini jioni. Memsahib akanishika mlangoni, ganda limejaa mfukoni.

"Mpishi! Hii ya mbwa! Nani kwisha sema wewe chukua?"

"Memsahib, mbwa ameshiba. Mwangalie."

Mbwa alikuwa amelala pale, tumbo kama ngoma. Memsahib akamwangalia, akaniangalia mimi, na siku hiyo hiyo nikaondolewa jikoni. Ningefanya tena kesho.

Nilipelekwa draya. Kwa wale wasiojua, draya ilikuwa nyumba ya kukaushia maua ya pareto: maua juu kwenye trei, moto chini, na mtu mmoja nyuma kwenye tundu la kuni anayelisha moto huo usizime. Mtu huyo nikawa mimi. Kazi ya moshi na macho mekundu. Lakini angalieni jinsi mambo yanavyokwenda: wamenitoa kwenye jiko moja la memsahib wakanipa moto mkubwa kuliko wote shambani, majivu ya moto kila alfajiri, na hakuna mtu wa kunichunga isipokuwa nyapara.

Nyapara aliitwa Kisia, na alikuwa mtu wa kwetu, kijiji cha ng'ambo ya mto. Sio mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa na koti kubwa la jeshi, na kiboko ambacho hakukitumia sana, alikitembeza tu. Shida yake ilikuwa maua. Wakati huo wa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni, familia nyingi za Wakikuyu zilikuwa zimepakiwa kwenye malori zikaondolewa shambani, wachumaji wakapungua, na ua la pareto halingojei mtu. Vidole vya watoto vinachuma vizuri. Kila mtoto aliyekuwa shule, Kisia alimwona kama kikapu kitupu.

Shule ilikuwa chini kwenye kituo cha treni, mbali. Zamani watoto wa laini waliondoka asubuhi, wakarudi kula mchana, na waliorudi kula hawakurudi tena darasani. Nani atapanda na kushuka mlima ule mara mbili? Mwalimu Yeremia, aliyekuwa anafundisha darasa la nne, akachoka. Akatangaza kwamba yeyote asiyekuwa darasani mchana wiki nzima, jina lake linafutwa, na aliyefutwa hafanyi mtihani wa darasa la nne. Mtihani ule ulikuwa mlango. Wanaopita wanaendelea, wanaobaki, kikapu na maua.

Mama zao wakaanza kuwafungia ugali. Mnajua ugali wa asubuhi ukifika mchana unakuwaje. Mama hana kosa, yuko shambani kabla jua halijatoka, posho ya wiki ni unga na maharagwe na chumvi, na maziwa ya mashine, yale yaliyoondolewa mafuta mpaka yanakaribia kuwa maji. Wakafunga ugali kwenye gazeti. Na mimi siku moja nikitoka kituoni kutafuta msumeno wa draya, nikaona kwenye mtaro kando ya reli mabonge ya ugali, mengine ya jana, mengine ya leo, siafu wamejipanga. Nikasimama pale nikasikia hasira ambayo sijui niielezeje. Unga wa posho, jamani. Mtaroni.

Jioni nikamngoja Chebet njiani. Chebet alikuwa mtoto wa mchungaji wa ng'ombe wa shamba, Mkipsigis. Mama yake alikuwa amefariki, akalelewa na nyanya yake, ambaye kila mtu alimwita Kogo, maana ndivyo wanavyoita nyanya kwao. Huyu Chebet alikuwa na akili ya kukata. Mwalimu mwenyewe alisema kama kuna mtoto mmoja wa laini atapita, ni huyo.

"Chebet, ugali mnatupa kwa nini?"

Akatazama miguu yake. "Watoto ya kituoni wanakula mkate na mandazi. Sisi tukifungua, wanasema, 'Leteni hizo kokoto zenu tujengee choo.'"

"Na nyinyi mnasema nini?"

"Tunasema tumeshiba."

Nilicheka, nakubali, kwa sababu kokoto lilikuwa neno la haki kabisa. Halafu sikucheka tena. Nikamwambia, "Kesho pita draya kabla ya kwenda. Leta mkebe."

Ndipo kazi yangu ya kweli ilipoanzia. Hakuna aliyeniandika.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Mikebe tulipata ya jamu na ya tumbako, iliyotupwa nyuma ya nyumba kubwa. Mkebe unasuguliwa kwa majivu, unaanikwa, na ukingo wake unagongwa kwa jiwe mpaka usikate mdomo wa mtoto. Usiokuwa na kifuniko unafungwa jani la kabichi na kamba. Yale majani ya nje ya kabichi, makubwa, yalikuwa yanapewa nguruwe. Nikayaomba kwa mtu wa nguruwe, nikayapitisha kwenye mvuke yakalainika, nikafungia ndani yake viazi vilivyopondwa na maharagwe na majani ya malenge. Viazi vyenyewe vilikuwa vile vidogo vya kukataliwa, ambavyo havifai hata mbegu. Ukivishindilia kwenye kikombe halafu ukakipindua, vinatoka vimesimama kama kitu cha hotelini.

Posho niliifanya hivi. Uji mzito wa maziwa ya mashine, malenge lililopondwa ndani, chumvi, unamwaga kwenye bati lililopakwa mafuta, unalifukia kwenye majivu ya moto, unaliacha. Likiiva ni la manjano na linakatika kwa kisu. Nilikata vipande vya mraba, vyote sawa, kama Mzee Daudi. Na nilikata vidogo, makusudi. Bonge moja mtoto hawezi kugawa, analikumbatia kama mwizi. Vipande vidogo anaweza kumwambia mwenzake, "Onja." Mtoto anayeweza kusema onja haoni haya.

Ganda sikukata. Lilikuwa tamu kuliko katikati.

Siku ya pili yake wakaja watoto wengine na mikebe. Siku ya tatu, wengi. Kila mama alileta kilichokuwa nyumbani, kiganja cha unga, karoti iliyopasuka, nikachanganya, nikagawa. Na Kisia akaja, na koti lake.

"Ndugu yangu," akasema kwa lugha ya kwetu, wote wasikie, "baba yako anajua uko huku unawafungia watoto chakula? Mwanamume mzima umechuchumaa kwenye chungu?"

"Moto unawaka, nyapara. Maua yamekauka. Unataka nini kingine?"

"Mama Mikebe!" akasema, kwa Kiswahili sasa, laini yote ipate. Wakacheka. Jioni hiyo kila niliyekutana naye, Mama Mikebe, habari ya watoto? Mama Mikebe, umenyonyesha? Niliwapita. Nilienda kwa mtu wa nguruwe kuomba majani ya kesho.

Kukaja sasa ile habari ya nyama. Fahali mmoja alivunjika mguu, akachinjwa, na laini ikapewa kichwa na miguu. Nikachemsha kile kichwa usiku kucha kwenye moto wa draya, nikanyambua, nikachanganya na viazi na kitunguu, nikafanya viduara, nikavipaka mafuta na kuvichoma juu ya bati. Asubuhi harufu ilizidi hata harufu ya pareto, na pareto mnajua inavyonuka. Watoto walikimbia kwenda shule kana kwamba shule ndiyo iliyokuwa ndani ya mkebe.

Chebet naye alibeba. Na kama kila siku, begani alibeba kibuyu kidogo cha maziwa ya Kogo.

Siku ya tatu yake, alfajiri, ukungu bado, nikasikia fimbo inagonga bati langu. Kogo. Mama mzee mfupi, masikio marefu yenye mapambo, shuka moja tu katika baridi ile.

"Wewe mtu ya moshi! Umeua ng'ombe yangu!"

"Kogo, ng'ombe gani? Mimi sijagusa ng'ombe."

"Ile nyekundu. Chuchu imevimba, inatoa damu. Umelisha mtoto yangu nyama, na maziwa yangu juu yake, tumbo moja, siku moja! Nani alikuambia?"

Wenzangu, kwetu sisi nyama na maziwa ni bahati tu kuvipata pamoja. Kwao Kogo ilikuwa mwiko. Ukila nyama, maziwa yanangoja siku nyingine, la sivyo ng'ombe aliyeyatoa anaumia. Kila mtu wa kwao alijua, na hakuna aliyefikiri kumwambia Mmaragoli anayepika nyuma ya draya. Nikamwambia Kogo kuwa ng'ombe huvimba chuchu kwa sababu nyingi, na hata bwana mwenye shamba ng'ombe wake huvimba. Nilisema kwa sauti kubwa. Yeye akasema kwa sauti kubwa zaidi.

"Kwa nini hukuuliza mtoto anakula nini?"

"Kogo, nimelisha wazungu miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nakula nini!"

Akaegemea fimbo yake. Halafu akasema, "Na ulipenda?"

Akageuka akaenda. Asubuhi ile Chebet hakupita na mkebe. Nilimwona baadaye kwenye mistari ya pareto, kikapu mgongoni, Kisia nyuma yake akitabasamu kama mtu aliyeokota kitu. Mtihani ulikuwa umekaribia sana. Wiki moja tu ya kukosekana, na Mwalimu Yeremia angefuta jina.

Nilikaa kwenye tundu langu la kuni nikawaza. Nilimkumbuka mama yangu kule nyumbani. Alipika kuku maisha yake yote na hakuonja hata shingo, kwa sababu kwetu mwanamke hakuwa anakula kuku. Mimi nilikuwa nakula paja mbele yake na sikuona ajabu. Sikukubali kwamba vile viduara vyangu vilimdhuru ng'ombe, na sikubali hata leo, mje mniulize. Lakini mkebe haukuwa wangu. Ulikuwa wa mtoto, na mtoto ana kwao.

Kwenda kuomba radhi sikwenda. Nilifanya kitu kingine. Kesho yake nilimfungia Chebet mkebe mwingine kama kawaida, posho ya manjano kwa maziwa, bila hata harufu ya nyama, nikampa jirani yake anayekaa naye dawati moja. "Weka mahali pake. Mwalimu akiuliza, sema chakula chake kimefika, mwenyewe yuko nyuma."

Mkebe ukakaa juu ya dawati siku nzima. Jioni ukarudi haujafunguliwa. Nikaubeba mpaka nyumbani kwa Kogo, nikauweka mlangoni, nikaondoka bila kubisha. Siku ya pili, mkebe mwingine, hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mwalimu Yeremia aliniambia baadaye kwamba alielewa siku ya kwanza kabisa. "Lakini chakula kilikuwa kimekuja," alisema, "sasa ningeandikaje kwamba hayupo?" Mwalimu naye alikuwa mbishi, sema ubishi wake ulivaa tai.

Sijui ni jioni ya ngapi, niliukuta ule mkebe wa jana umeoshwa, uko mlangoni umegeuzwa chini juu. Kogo alikuwa amekaa pale kwenye kigoda.

"Hii yako," akasema, "chumvi kidogo."

"Kogo umekula?"

"Chakula inakuja kila siku kwa mlango yangu kama mtu anadai. Nitaacha ioze?" Akakohoa. "Tamu. Lakini chumvi kidogo. Na leo nyama iko?"

"Leo hakuna nyama."

"Kesho?"

"Sijui ya kesho."

"Basi utakuwa unaniambia. Ukipika nyama, kibuyu yangu inabaki nyumbani. Kama hakuna, inaenda. Mimi mwenyewe nitakuja kuangalia chungu, sikuamini."

"Njoo. Na mimi sikuamini na chumvi."

Akacheka. Meno hakuwa nayo mengi, lakini alicheka nayo yote. Yule ng'ombe mwekundu alipona pia, kwa dawa ya Kogo, na mpaka leo najua yeye angewaeleza kupona kwake kwa njia yake, nami kwa yangu.

Asubuhi iliyofuata Chebet akapita draya, mkebe mkononi, kibuyu begani, na Kogo nyuma yake ananusa chungu changu kama askari wa ushuru. Kisia akaona kikapu kimoja kimepungua. Jioni akaja na amri: kuanzia leo hakuna kupika kwenye moto wa draya. Moto ni wa maua. Atakayeonekana na chungu pale anaondoka shambani, yeye na mikebe yake.

"Nyapara, majivu yanamwagwa bure."

"Yamwagwe. Hata ganda la mbwa ulisema ni bure, ukaishia hapa. Ukitoka hapa utaishia wapi, Mama Mikebe?"

Hilo lilinishika, nisiwadanganye. Wakati ule kufukuzwa shambani hakukuwa mchezo, unatembea na karatasi zako shingoni na kila barabara ina askari. Watoto walikuwa wamesimama pale na mikebe ya kesho. Kogo, ambaye alikuwa amekuja kukagua chungu, akainuka, akakibeba chungu changu kichwani kikiwa bado na moto, na kitambaa chini yake.

"Moto yangu haijazima tangu niliolewa," akamwambia Kisia bila kumtazama. "Na sio ya bwana mkubwa. Mtu ya moshi, leta mikebe."

Nikaleta. Kuanzia hapo, nikimaliza zamu ya kuni, naingia nyumba ya Kogo kabla hakujapambazuka. Chini, kwenye jiko la mafiga, mwanamume peke yangu, na wanawake wa laini wamejaa: Mkisii mmoja anakata karoti, mke wa mtu wa nguruwe anafunga majani, Kogo ameketi katikati anatoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Nyama huku, maziwa kule, kisu cha nyama hakigusi kibuyu. Watu waliopita nje walichungulia wakaita, "Mama Mikebe!" Sasa nikawa naitika. "Naam! Lete mkebe au funga mlango, baridi inaingia!" Jina likiitikiwa halichomi tena.

Kule kituoni, Chebet aliniambia, watoto wa mandazi walianza kubadilishana. Mandazi moja kwa vipande viwili vya manjano. Nikamwambia ni hasara, adai mandazi mbili.

Ikafika asubuhi ya mtihani. Nilimaliza zamu yote ya kuni, nikaenda kwa Kogo. Alikuwa ameshaamua: leo maziwa, nyama hapana, kichwa cha mtoto kiwe chepesi. Sikubishana, siku moja hiyo. Nikakata posho, nikaongeza asali kidogo ambayo Kogo alikuwa ameificha, nikafunga jani. Watoto wamepanga foleni mpaka nje, Chebet mbele, amepakwa mafuta mpaka anang'aa.

Nikainua macho, nikaona koti la jeshi kwenye ukungu. Kisia. Amesimama kando, sio kwenye foleni, sio nje ya foleni. Kifua cha koti kimetokeza kona. Wanawake wakaacha kukata. Nikafikiri amekuja kunifukuza.

Akaja mpaka mlangoni, akainamisha kichwa, akatoa mkebe wa tumbako.

"Kijana wangu," akasema kwa lugha ya kwetu, taratibu. "Naye anafanya mtihani leo. Mama yake amemfungia ugali, amekataa kubeba. Anasema atakaa na njaa."

Hamjui nilivyotamani kujibu. Nilikuwa na maneno nimeyaweka miezi. Nikaangalia ule mkebe. Ukingo wake haujagongwa, ungemkata mtoto. Nikauchukua, nikaugonga kwa jiwe, pole pole, yeye amesimama.

"Foleni inaanzia nyuma ya Chebet," nikasema, kwa Kiswahili, wote wapate. "Na hapa ndani watu huniita kwa jina."

Kisia akatazama moto. Akatazama Kogo. Kogo akasonya.

"Mama Mikebe," akasema nyapara. "Tafadhali."

"Kijana anakunywa maziwa leo, au amekula nyama jana?" Kogo akauliza.

Nyapara mzima hakujua. Ilibidi atoke nje kumuuliza mtoto.

Wote wawili walifanya mtihani. Chebet alipita, akaenda shule ya bweni ambako chakula hupikwa kwa sufuria kubwa, na huko, nasikia, alilalamikia chumvi. Mimi nilitoka draya, nikapika kwenye shule moja, na nyingine, mpaka hii ya Nakuru ambako nyinyi mmenikuta. Hayo mengine mnayajua, na yasiyojulikana sio ya kuandika.

Kabla hajaenda, Chebet aliniletea mkebe wake, ule wa jamu, umesuguliwa kwa majivu mpaka unaona uso wako. Ulikaa juu ya rafu yangu jikoni miaka yote hiyo, natilia chumvi. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniamuru niutupe, akasema ni takataka. Yeye ameenda, mkebe upo.

Funguo za stoo nimerudisha zote, mkahesabu wenyewe. Mkebe sikurudisha. Na yule mama wa pale getini, mwambieni aje kwangu na mtoto wake, na chochote alichonacho nyumbani.